SOMO: BIMA YA GARI IKIISHA

Tuseme gari la kikundi hubeba mahindi kuja Babati. Bima ilikatwa ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, je, bima itajiendeleza yenyewe?

La! Hapa Tanzania, bila malipo hakuna bima. Gari likigonga mtu kesho yake, kikundi kitalipa chenyewe, hata kwa kuuza ng'ombe. Tena sheria inakataza kuendesha gari barabarani bila angalau bima ndogo.

Basi tusome hati: inaanza lini, inaisha lini? Tulipe mapema, tudai risiti. Maneno matupu ya wakala hayatoshi. Tukigombana na kampuni, tupeleke malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Zoezi: Bima yenu inaisha tarehe gani? Iandikeni.