Simu Moja, Wanafunzi Wengi: Jinsi ya Kusoma Pamoja Mtandaoni

Mnamo Machi 15, 2020, serikali ya kitaifa ilitangaza kufungwa kwa shule zote nchini kwa sababu ya korona. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba 12 mwaka huo, na wanafunzi wengine wakarejea Januari 4, 2021. Katika miezi hiyo wazazi wengi walijiunga na vikundi vya WhatsApp vya darasa kwa mara ya kwanza. Vikundi hivyo vingali kwenye simu zetu, lakini mara nyingi kazi yake ni kutangaza karo na mikutano.

Kwa familia za Karagita, kikundi kama hicho kinaweza kusaidia zaidi. Wazazi wengi hapa hufanya kazi katika mashamba ya maua kandokando ya Ziwa Naivasha. Majuma ya kuelekea Februari 14, Siku ya Wapendanao, kazi huongezeka na mzazi hurudi nyumbani akiwa amechelewa na kuchoka. Mtoto akikwama kwenye kazi ya shule jioni, hana wa kumuuliza. Kikundi kikiendeshwa vizuri, atampata mwenzake wa ploti ya pili. Kikiendeshwa ovyo, kitamaliza bando na kumzoesha mtoto kunakili.

Kusoma pamoja ni nini?

Mwalimu akituma kurasa kumi za maswali na wazazi wakajibu "Asante mwalimu", hapo hakuna aliyesoma na mwenzake. Kusoma pamoja huanza pale mwanafunzi anapotoa jibu lake na mwingine akaliongeza, akalipima au akalipinga kwa sababu.

Chukua mfano wa swali hili la hapa kwetu: Kwa nini maji ya Ziwa Naivasha ni baridi, yasiyo na chumvi, ilhali ya Ziwa Nakuru na Elementaita ni ya magadi?

Mwanafunzi wa kwanza anaweza kujibu kwamba mito ya Malewa na Gilgil huleta maji safi Naivasha. Wa pili aulize: mbona Ziwa Nakuru nalo hupokea mto Njoro, na bado lina magadi? Wa tatu atazame ramani na kuona kwamba hakuna mto unaotoka Ziwa Naivasha. Maji yasipotoka, chumvi ingejikusanya kadiri jua linavyoyakausha. Basi chumvi huenda wapi? Mwalimu sasa anaweza kueleza kwamba Naivasha liko juu kuliko maziwa hayo mawili, na sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kubeba chumvi hiyo.

Hakuna mtoto aliyekuwa na jibu zima. Kila mmoja alileta kipande, na swali la mwenzake likamlazimu kufikiri tena.

Kanuni za kikundi cha masomo

1. Tenganisheni kikundi cha masomo na cha matangazo. Salamu, siasa, maombi na biashara visiingie.

2. Kiwe kidogo. Wanafunzi watano hadi wanane wanatosha ili kila mmoja asikike.

3. Swali moja kwa siku, kwa saa maalum. Mwalimu atume asubuhi, majibu yafike kabla ya saa tatu usiku, na ufafanuzi utolewe kesho yake.

4. Mwanafunzi aeleze alivyofikia jibu. Picha ya daftari au ujumbe mfupi wa sauti unatosha. Video hula bando, ziepukwe.

5. Jibu likikosewa, lisahihishwe kwa heshima. Mtoto akichekwa mara moja, hataandika tena.

Nyumba yenye simu moja

Simu ikiwa ya mzazi na anaenda nayo kazini, mtoto asome swali asubuhi na kulinakili daftarini. Jioni mzazi apige picha ya jibu na kulituma. Mwenye simu ya kabambe naye asiachwe nje: jirani mwenye WhatsApp anaweza kumtumia swali kwa SMS na kupeleka jibu lake kikundini. Watoto wa ploti moja pia wanaweza kuketi pamoja kwa simu moja, mmoja akisoma na wengine wakiandika.

Usalama wa mtoto

WhatsApp hairuhusu aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe. Mtoto mdogo atumie simu ya mzazi, mzazi akiwapo. Msimamizi wa kikundi awe mwalimu au mzazi anayejulikana, na asiongeze nambari asiyoifahamu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Kwa hivyo msisambaze picha za watoto, alama zao au majina ya wenye deni la karo.

Jihadharini pia na wanaouza "mitihani" kwenye Telegram na WhatsApp. Kupata mtihani wa KNEC kwa njia haramu ni kosa la jinai, na wengi wa wauzaji hao ni matapeli wanaochukua pesa za mzazi na kutoweka. Mtoto akitishwa au kuombwa picha zisizofaa, hifadhi ujumbe huo kisha upige 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto.

Wazazi wa chekechea

Chini ya Katiba, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Kwa watoto hawa, simu iwe ya mzazi na mwalimu tu. Mwalimu anaweza kutuma hadithi fupi kwa sauti. Mzazi aisikilize na mtoto, kisha amwombe aisimulie upya.

Mzazi, zungumza na mwalimu wa mwanao wiki hii. Chagueni wanafunzi watano wanaokaa karibu, saa moja ya jioni na swali moja. Baada ya mwezi mmoja, kagua daftari la mtoto. Ukiona maelezo aliyoyaandika mwenyewe na masahihisho aliyoyafanya baada ya kusikia wenzake, kikundi kinafanya kazi. Ukikuta majibu yanayofanana neno kwa neno na ya jirani, rudini kwenye kanuni ya nne.