SOMO LA FAMILIA: TUSINGOJE NDEGE NDIPO TULEE WATOTO

Masomo: Yeremia 28:1-4, Yeremia 29:1-10, Kumbukumbu la Torati 6:4-9



Hapa Nakivale kuna neno moja ambalo limekuwa kama wimbo kwa wazazi: "tukifika". Tukifika Marekani mtoto atasoma vizuri. Tukifika Kanada tutapata muda wa kukaa pamoja. Kwa sasa baba yuko kwenye vibarua, mama yuko kwenye foleni ya maji, mtoto yuko kwenye kibanda cha video. Kesi ilifunguliwa mtoto akiwa na miaka mitano. Leo ana kumi na mitano, sauti imekuwa nzito, na bado tunasema tutamfundisha tukifika.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Nyumba nyingi zililia, nami nililia pamoja nao. Lakini mtoto hasimamishwi. Anaendelea kukua.

Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli nao walikuwa na "tukifika" yao. Nabii Hanania alitangaza kwamba katika miaka miwili kongwa la Babeli litavunjwa. Habari tamu! Nani ajenge nyumba kwa ajili ya miaka miwili? Yeremia akawaandikia barua tofauti kabisa: wajenge, wapande bustani, waoze na kuoa, wazae na kuongezeka huko huko ugenini, waombee amani ya mji ule, kwa maana ni miaka 70. Ona, wapendwa: Yeremia hakuwanyima tumaini la kurudi. Aliwakataza kuishi kama watu waliokwisha kufunga mizigo. Aliyemwamini Hanania aliweza kumwacha mtoto wake bila malezi akisema ni kwa muda mfupi tu.

Mzazi atasema, "Mchungaji, muda sina." Ni kweli maisha yamekaza. Tangu mgao ulipopangwa kwa makundi mwaka 2023, wengi wamepata kidogo au hawapati kabisa, na shamba tulilopewa halitoshi. Ndiyo maana napenda Kumbukumbu 6. Musa anataja nafasi nne za kumfundisha mtoto: ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala, ukiamka. Hakuna hata moja inayohitaji shilingi. Waliosikia maneno hayo wengi walizaliwa safarini jangwani, hawakuwa na nyumba ya matofali.

Basi nenda kuchota maji na mwanao. Yeye abebe jerikani lake dogo, wewe lako, na njiani mweleze babu yake alikuwa nani, mlitoka Fizi au Masisi kwa njia gani, na Mungu aliwavusha namna gani. Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani. Tuna watoto wanaojua Kinyankole na Kiingereza cha shule, lakini nyanya yao akipiga simu kutoka Uvira hawaelewani. Mtoto wa namna hiyo tutamkabidhi nini tukirudi, au hata tukifika?

Kuhusu simu: wengine tunampa mtoto simu ili anyamaze tupumzike. Ananyamaza kweli, lakini kuna mwingine anayezungumza naye. Wakati wa chakula cha jioni simu zote ziwekwe mahali pamoja, ya baba ikiwa ya kwanza.

Na sisi watumishi tusikimbilie kanisani. Kwaya, maombi ya kufunga, mkesha, semina: vyote ni vyema. Eli alitumikia hekaluni maisha yake yote, na wanawe waliharibika kwenye mlango wa hekalu hilo hilo (1 Samweli 2). Mzee wa kanisa ambaye binti yake analala peke yake siku tatu kwa juma kwa sababu ya mikesha, huyo nampa ruhusa ya kukaa nyumbani.

Yokebedi alimlea Musa mpaka alipoachishwa ziwa, kisha akampeleka kwa binti Farao (Kutoka 2:9-10). Muda ulikuwa mfupi, na ikulu ilikuwa inamngoja mtoto. Aliutumia.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani:
1. Ni jambo gani la mtoto wako umeliahirisha mpaka "tukifika"?
2. Katika zile nafasi nne, ni ipi rahisi zaidi nyumbani kwako juma hili? Baba ajibu kwanza.