Maneno ya Daktari Kuhusu Kiharusi
Kijitabu kwa ndugu wa mgonjwa

Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hawezi kujieleza, kwa hiyo maneno ya daktari huishia kwa aliyemleta: mke, mtoto, au jirani mwenye gari. Kijitabu hiki ni chako wewe unayeambiwa mambo mazito kwa haraka ukiwa umesimama kando ya kitanda.

Umeziba au umepasuka?

Kwenye faili huenda ukaona herufi CVA. Maana yake ni kiharusi, basi. Hazisemi ni cha aina gani. Muulize daktari: mshipa umeziba au umepasuka? Ukiziba, bonge la damu huzuia damu kufika sehemu fulani ya ubongo, nacho huitwa kiharusi cha iskemia. Ukipasuka, damu huvujia ndani ya ubongo au kuuzunguka, nacho huitwa kiharusi cha hemoraji. Kwa macho huwezi kuvitofautisha: mdomo hupinda vilevile, mkono hulegea vilevile. Picha ya CT ndiyo inayoonyesha, na ndiyo sababu daktari huitaka kabla ya kuamua dawa. Dawa ya kuyeyusha bonge ikipewa mtu anayevuja damu kichwani inaweza kumuua. Kwa sababu hiyohiyo, usimpe mgonjwa aspirini nyumbani, hata kama imewahi kumsaidia mtu unayemjua.

Saa ngapi?

Dawa hiyo ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na si kila hospitali inayo. Utaulizwa mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima ilikuwa saa ngapi. Hapa wengi hutaja saa waliyomkuta. Kama baba aliingia kulala saa nne usiku akiwa mzima, na alfajiri mkamkuta hawezi kuinuka, jibu ni saa nne usiku. Taja kabisa kwamba ni usiku, maana kwenye faili itaandikwa 22:00.

TIA

TIA ni pale dalili za kiharusi zinapokuja, kisha zikaondoka zenyewe baada ya dakika au saa chache. Watu hushukuru na kurudi shambani. Tafadhali, msifanye hivyo: kiharusi kamili kinaweza kufuata ndani ya siku mbili tu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Afasia, disathria, disfagia

Mwenye afasia hutafuta neno asilipate, au hutamka lingine. Anataka maji, anasema kiatu. Wengine husikia sauti yako lakini maneno hayawaingii. Ndugu hudhani amerukwa na akili, wakaanza kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Yupo, na mara nyingi anaelewa kuliko mnavyodhani. Muulize swali moja kwa wakati, la ndiyo au hapana, mwonyeshe kikombe, kisha nyamaza umpe nafasi ya kujibu.

Disathria ni tofauti: neno analijua, ila ulimi na midomo ni mizito.

Disfagia ni shida ya kumeza, na hapa upendo wetu wenyewe unaweza kumdhuru mgonjwa. Tunafika na chupa ya uji, tunamwinua, tunamnywesha. Uji unaingia mapafuni, na baada ya muda mgonjwa ana nimonia. Asile, asinywe, wala asipewe vidonge vya kumeza mpaka muuguzi au daktari apime umezaji wake.

Upande wa mwili

Hemiplejia ni kupooza kabisa upande mmoja wa mwili; hemiparesi ni upande huo kupungua nguvu. Ripoti ikitaja ubongo wa kushoto na mkono uliolegea ukawa wa kulia, haijakosewa: kila upande wa ubongo huendesha upande wa pili wa mwili.

“Hali imetulia”

Maana yake ni kwamba kwa sasa hali haizidi kuwa mbaya. Si kwamba amepona. Mazoezi ya viungo huanza mapema, mara nyingi akiwa bado wodini, nayo huendelea nyumbani kwa miezi.

Siku ya kuruhusiwa, omba uelezwe kila dawa ni ya nini. Ya presha haina dozi ya kumaliza kama ya malaria. Humezwa kila siku hata kipimo kikisoma vizuri, na haiachwi bila daktari kusema. Uliza pia tarehe ya kliniki, na jina la dawa ambayo ikiisha hamtakiwi kukaa bila hiyo hata siku moja.