Mlima Miwa na Mawe Yake

Katika nchi ya Japani, mkoa wa Nara, uko mlima mdogo uitwao Miwa. Kimo chake ni mita 467 tu. Walakini Wajapani wauheshimu tangu zamani sana, na chini yake pana hekalu la dini ya Shinto liitwalo Omiwa, ambalo huhesabiwa miongoni mwa mahekalu ya kale kabisa ya nchi ile.

Watu wa Shinto huziita roho wanazoziabudu kami. Desturi ya mahekalu yao ni hii: mbele huwa na ukumbi wa kuombea, na nyuma yake nyumba ya ndani iliyofungwa, ambayo ndiyo makao ya kami. Mgeni afikapo Omiwa huuona ukumbi wa mbele, mpana, wenye paa la maganda ya mti uitwao hinoki, yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Ulijengwa mwaka 1664 kwa amri ya Tokugawa Ietsuna, mtawala wa wakati ule. Lakini akiitafuta nyumba ya ndani hataiona, kwa maana mlima wenyewe ndio nyumba. Nyuma ya ukumbi limesimama lango la mbao, au tuseme malango matatu yaliyoungwa pamoja, la kati kubwa na mawili madogo ubavuni. Ng'ambo yake ni msitu tu.

Msituni mna mafungu ya mawe makubwa yaitwayo iwakura, yaani viti vya mwamba. Yaliyo mashuhuri ni matatu: la chini, la katikati na la kileleni. Zamani, kabla ya kuwako mahekalu, watu waliwaita kami washukie juu ya mawe kama hayo, wakatoa sadaka, kisha wakaenda zao. Basi asemaye kwamba Omiwa imepungukiwa na nyumba hajafahamu. Mawe ndiyo yaliyotangulia, na nyumba zilikuja nyuma.

Mwaka 1918 watu waliokuwa wakifungua shamba mlimani waliling'oa jiwe kubwa. Hapo vikatokea vioo vya shaba, shanga za mawe, na vyombo vya udongo ambavyo ninyi mnaotwanga na kupepeta nyumbani mngevitambua mara moja: kinu, mchi, ungo na kata. Lakini vilikuwa vidogo mno, havifai kazi ya jikoni. Wataalamu waona kuwa ni mifano ya vyombo vya kutengenezea pombe ya mchele, iliyotolewa sadaka yapata miaka 1500 iliyopita. Hata leo watengenezaji wa pombe hiyo hukusanyika Omiwa kila tarehe 14 Novemba.

Kwa muda mrefu watu wa kawaida walikatazwa kupanda mlima. Siku hizi mtu aweza kupanda kwa ruhusa: hujiandikisha, hulipa ada kidogo, akavaa shingoni utepe mweupe wenye kengele. Hali chakula njiani, hapigi picha, wala haokoti jani wala jiwe. Akiisha kushuka huurudisha utepe ule na kengele yake.