Jeraha si Dhambi: Tulichojifunza kwa Mtaalamu wa Saikolojia Tiba



Kijana mwenzangu, leo tujifunze jambo ambalo familia nyingi za Kikatoliki bado tunalisema kwa kunong'ona: kwenda kwa mtaalamu wa saikolojia tiba. Siongei kwa kusoma tu. Lilitufika nyumbani.

Baba alifariki mdogo wangu akiwa na miaka sita. Baada ya miezi michache dogo akaanza kukojoa kitandani, akawa haongei shuleni, na kila jioni anakaa mlangoni. Mama alisali novena. Wanajumuiya walikuja kusali nasi. Mmoja akasema ni pepo, mwingine akasema imani yetu ni haba. Neno hilo la pili lilimliza mama kuliko msiba wenyewe. Katekista wetu mzee ndiye aliyetufungua: "Mama, sala msiache. Ila huyu mtoto ana jeraha. Mpelekeni kwa wanaojua majeraha."

1. Kwa mtoto

Nilidhani yule dada mtaalamu atamhoji. Wapi! Aliweka udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na wanasesere, kisha akakaa naye chini kwenye mkeka. Mtoto mdogo hana maneno ya kuelezea huzuni, kwa hiyo mtaalamu humfuata kwenye lugha anayoijua, yaani mchezo. Wiki ya nne dogo alimfunika mwanasesere kwa udongo, akasema: "Amesafiri. Mtoto alipiga kelele, akakasirika."

Kumbe! Sisi ndio tuliomwambia baba amesafiri. Tulitaka kumkinga. Yeye akahitimisha kwamba kelele zake zimemfukuza baba, basi akanyamaza na kumngoja mlangoni. Watoto wa umri huo hujibebesha lawama kwa urahisi, hasa watu wazima wanapoficha ukweli.

2. Kwa mtu mzima

Mama naye akapewa siku zake. Huko ni maongezi, lakini siyo soga. Mtaalamu husikiliza, huuliza kuhusu usingizi, chakula na mawazo yanayojirudia. Wazo la mama lilikuwa: "Ningemuwahisha hospitali asingekufa." Hakuambiwa tu "usiwaze hivyo". Walilipima pamoja: siku ile ulijua nini, na nini hukuweza kukijua? Njia hii ya kuyapima mawazo iliendelezwa na daktari Aaron Beck huko Marekani tangu miaka ya 1960. Inachukua muda, na unapewa hata kazi ya kufanya nyumbani.

3. Kwa familia

Mwisho tukaitwa wote. Hapo hatafutwi mkosaji. Mtaalamu anaangalia tunavyoishi: nani anaongea, nani anameza, siri gani tunaizunguka. Siku ile mama alimpakata dogo na kumwambia kweli: "Baba amekufa. Hakuondoka kwa sababu yako. Alikupenda." Dogo akauliza, "Sasa nani atanipeleka shule?" Tukalia wote, na mimi niliyekuwa nikijifanya shujaa nikalia kuliko wote. Jumapili tulikwenda kaburini, tukasali pamoja kwa mara ya kwanza tukiwa na dogo. Kitanda hakikukauka siku hiyo, ila kuanzia pale alianza kurudi.

Imani yetu inasemaje?

Fungua 1 Wafalme 19. Elia, nabii mkubwa, anachoka hadi anaomba kufa. Mungu hamkemei. Kwanza anampa usingizi, mkate na maji, mara mbili. Kisha anamuuliza anafanya nini pale, na anamwacha aseme uchungu wake wote. Anamuuliza tena, Elia anarudia yaleyale, na Mungu anamsikiliza tena. Ndipo anampa kazi ya kufanya.

Soma pia Yoshua bin Sira 38: mgonjwa anaagizwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Vyote viwili. Hata Baba Mtakatifu Fransisko alieleza katika kitabu cha mahojiano na Dominique Wolton, mwaka 2017, kwamba akiwa na miaka 42 alikwenda kwa mwanasaikolojia mwanamke Myahudi, kila wiki kwa miezi sita. Hakuona haya kusema.

Lakini tusichanganye. Kitubio huondoa dhambi, na siri yake haivunjwi kwa sababu yoyote ile. Tiba hushughulikia jeraha. Mtaalamu naye hutunza siri, ila uhai ukiwa hatarini anaweza kulazimika kutafuta msaada wa wengine. Padre hatakupima sonona, na mtaalamu hawezi kukuondolea dhambi. Ukiungama kila wiki jambo ambalo kumbe ni jeraha, utadhani Mungu amekataa kukusamehe. Na ukienda kwa mtaalamu na dhambi unayoijua, bado kiti cha kitubio kinakungoja.

Kama wewe unayesoma hapa unawaza kujidhuru, usingoje wiki ijayo. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, na aende nawe hospitali. Huo si upungufu wa imani.

Tafakari wiki hii

1. Ni jambo gani nyumbani kwetu tunalizunguka bila kulitaja?
2. Je, nimewahi kumwambia mwenye jeraha kwamba imani yake ni haba? Nitamwombaje radhi?
3. Ni nani wa kumsindikiza, na siyo kumshauri tu?

Tusali: Bwana Yesu, uliyemlilia rafiki yako Lazaro, utufundishe kutoona haya machozi yetu. Wabariki wanaotibu mioyo ya watoto, wazazi na familia. Utupe ujasiri wa kusema kweli kwa upendo. Amina.