Mwili Hausahau Mionzi

Tuseme unasoma kidato cha tatu Geita. Bamdogo wako, aliyechimba dhahabu miaka mingi kule Nyarugusu, alitibiwa kansa ya mapafu kwa mionzi miaka miwili iliyopita, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Akapata nafuu. Sasa uvimbe umerudi. Anataka kwenda Bugando, Mwanza, ambako nako siku hizi tiba ya mionzi ipo. Anakunong'oneza: "Mwanangu, usiwaambie nilishachomwa mionzi. Watanikatalia."

Je, utanyamaza? Soma kwanza.

MIONZI INAFANYAJE KAZI?
Mashine huelekeza mionzi yenye nguvu kwenye uvimbe ili kuua chembe za kansa. Mgonjwa akitoka pale hana mionzi ya kumwambukiza mtu. Kipimo chake huitwa grei. Kansa ya mapafu inayotibiwa ili ipone mara nyingi hupewa kama grei 60: grei 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 6.

KWA NINI MARA YA PILI NI NGUMU?
Fikiria shati lako la shule na pasi ya mkaa. Pasi kali ya kwanza haikulitoboa. Irudishe palepale, kitambaa kinaachia. Kifuani kuna moyo, mapafu, njia ya chakula na mishipa mikubwa ya damu. Nyuma yake kuna uti wa mgongo, ambao kwa kawaida madaktari hujitahidi usipate zaidi ya grei 45 hadi 50. Ukizidishiwa, miguu inaweza kupooza. Mshipa mkubwa wa damu nao unaweza kupasuka. Na mchimbaji mwenye makovu ya vumbi la mawe au ya TB mapafuni ana akiba ndogo ya pumzi.

BASI HAIWEZEKANI?
Inawezekana, kwa baadhi ya wagonjwa. Daktari huangalia ni muda gani umepita, maana viungo hupona kiasi. Huangalia pia ukubwa wa uvimbe, nguvu ya mapafu, na mionzi ya kwanza ilipita wapi. Kisha hujumlisha dozi ya zamani na mpya. Wengine huambiwa dawa au upasuaji ndiyo njia bora kwao. Ukimficha daktari, unampigisha hesabu gizani.

UFANYE NINI?
1. Mweleze bamdogo kwa heshima kwamba kusema ukweli ndiko kunakomlinda.
2. Tafuteni karatasi zote za matibabu. Zimepotea? Waambieni madaktari waulizie hospitali ya kwanza.
3. Muulizeni daktari: Faida ni ipi? Hatari ni ipi? Njia nyingine ipo?
4. Baada ya tiba, hata miezi ikipita, akikosa pumzi, akikohoa damu au miguu ikilegea, mpelekeni hospitali mara moja.

JADILINI DARASANI
Nyumbani kwenu nani hutunza karatasi za hospitali? Kwa nini wagonjwa huwaficha madaktari mambo?