Sushi ya mukeke mbichi?

Swali: Nina mgahawa mdogo wa mishikaki na wali hapa Muyinga. Nilionja sushi Nairobi nikaipenda. Naweza kuwapa wateja mukeke mbichi?

Jibu: Mbichi, hapana. Mukeke anavuliwa Ziwa Tanganyika, na hadi afike kwenu barafu imeshayeyuka. Tena samaki wa maji baridi huweza kubeba minyoo. Marekani huelekeza samaki wa kuliwa mbichi agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na hata hapo bakteria wote hawafi. Friji ya soda, yenye umeme wa kukatikakatika, haiwezi kazi hiyo.

Lakini kiini cha sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi. Samaki mbichi si lazima. Chagua mchele unaoshikana ukiiva, uutie siki ungali moto. Mchome mukeke kwenye makaa, mtoe miiba yote (mteja akikwamwa na mwiba harudi), kisha mviringishe kwenye wali huo pamoja na parachichi na tango. Karatasi za mwani za kuviringishia hupati? Tumia kimanda chembamba cha yai. Hata Wajapani hufanya hivyo. Uza siku hiyohiyo, na pilipili pembeni.